Juu ya Uchovu wa Kazi na Mipaka ya Mtumishi

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Dodoma)



Tumeombwa na Halmashauri ya Chama tuseme machache juu ya jambo ambalo watu hulisema nyumbani kwa sauti ya chini, wala hawalisemi ofisini. Jambo lenyewe ni uchovu wa kazi: si uchovu wa siku moja, ambao mtu akilala huamka mzima, bali ule unaomkaa mtu miezi na miaka, hata akawa kama nguo iliyofuliwa mno. Twawaomba mtusikilize kwa saburi, maana hatukuja kumlaumu mtu, wala hatukuja kufundisha uvivu. Tumekuja kusema neno moja tu, nalo ni hili: kupumzika ni sehemu ya kazi, kama vile kituo kilivyo sehemu ya safari, tena mpaka wa kazi haulindwi na mtu mmoja peke yake, sharti ulindwe na wote.

1. UCHOVU HUU NI NINI

Lugha yetu yatofautisha kuchoka na kuchakaa. Jembe halichoki, bali huchakaa. Na mtu aweza kupatwa na yote mawili. Aliyechoka humtosha usingizi. Aliyechakaa hulala saa nyingi na kuamka vile vile alivyolala.

Mwaka 1974 mganga mmoja wa mambo ya nafsi, Herbert Freudenberger, aliyefanya kazi katika zahanati ya bure mjini New York, aliandika juu ya hali hii. Aliwaona watu waliojitolea kuwahudumia maskini wakiishiwa nguvu na moyo, hata wasiweze tena kazi waliyoipenda. Nasi twaomba jambo hili lishikwe sana: waliopatwa hawakuwa wavivu. Walikuwa ni wale waliojitoa kuliko wenzao.

Shirika la Afya Duniani nalo, katika orodha yake ya maradhi iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2022, limeutaja uchovu huu. Halikuuita ugonjwa, limeueleza kuwa ni hali itokanayo na dhiki ya kazini iliyodumu pasipo kushughulikiwa ipasavyo. Alama zake ni tatu. Ya kwanza ni kuishiwa nguvu. Ya pili ni moyo kujitenga na kazi, hata mtu akaidharau na kuwadharau anaowahudumia. Ya tatu ni kazi yenyewe kupungua ubora, ingawa saa za kuketi mezani zimezidi.

Tuitazame hiyo alama ya pili, maana ndiyo inayotuaibisha mbele ya watu. Mama mmoja ametoka Bahi, au Mpwapwa, au Kondoa, ameondoka kwake alfajiri na nauli ya kuazima, anatafuta karatasi yake. Afika dirishani, naye karani hainui uso, amwambia, “Njoo wiki ijayo.” Watu husema karani huyo ana kiburi. Huenda anacho. Lakini huenda pia ni mtu aliyekuwa mpole miaka mitano iliyopita, na upole wake umekwisha kama mafuta ya taa, asipatikane mtu wa kuijaza taa. Kwa hiyo uchovu wa mtumishi si shauri la mtumishi peke yake. Ni shauri la kila raia asimamaye kwenye foleni.

2. HALI YETU HAPA UWANDANI

Twakumbuka ya kwamba shauri la kuuhamishia Dodoma makao makuu ya nchi lilikatwa mwaka 1973. Lakini watumishi wengi waliujua mji huu kwa kupita tu, hata ilipotangazwa mwezi Julai 2016 ya kwamba serikali yote yahamia. Mwaka 2019 Mji wa Serikali ukafunguliwa Mtumba, na Rais mwenyewe akahamia Chamwino. Kazi hiyo ilikuwa kubwa nayo ilitendeka, na waliobeba majalada, wakapanga masjala upya, wakafungua ofisi katika vyumba visivyo na meza, ni watumishi kama ninyi mnaotusikiliza.

Lakini wengi walihama peke yao. Mke ana kazi Dar es Salaam, au mume ana kazi huko. Watoto wako shuleni. Nyumba ya mkopo imejengwa huko. Basi mtumishi akawa na maisha mawili: siku tano za chumba cha kupanga hapa Dodoma, na safari ya kilomita zipatazo 450 Ijumaa jioni, na nyingine kama hiyo Jumapili. Tangu Julai 2024 treni ya umeme imeifupisha safari, nasi twashukuru. Lakini haikuirudisha nyumba iliyogawanyika. Asiye na mtu wa kumngoja jioni huona afadhali aendelee kuketi ofisini. Na mkuu amwonaye yuko pale saa mbili za usiku humpa kazi nyingine, maana ndiye apatikanaye.

Tena imekuja simu ya mkononi. Zamani karani alipofunga daftari na kutoka mlangoni, kazi ilibaki nyuma ya kufuli. Leo kazi yamfuata mfukoni. Kundi la WhatsApp la idara halina saa ya kufunga. Ujumbe huja saa nne za usiku ukisema “Haraka,” na asiyejibu hudhaniwa amelala wakati wenzake wanajenga nchi.

Hatari yake ni ya mwili pia, si ya moyo tu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani pamoja na Shirika la Kazi Duniani yalitoa hesabu ya kwamba watu wapatao 745,000 walikufa ulimwenguni mwaka 2016 kwa kiharusi na maradhi ya moyo yaliyohusiana na kufanya kazi saa nyingi, yaani saa 55 au zaidi kwa juma. Mtu wa namna hiyo, akilinganishwa na afanyaye saa 35 hata 40, hatari yake ya kiharusi yazidi kwa sehemu 35 katika mia. Kila mmoja na ahesabu saa zake za juma lililopita, na zile za simuni azitie pia.

3. DESTURI YA WAPAGAZI

Wako wasemao kwamba habari hizi za mipaka na mapumziko ni mambo ya kigeni, ya kwamba mababu zetu walifanya kazi bila kuhesabu saa. Sisi twasema sivyo. Na ushahidi uko hapa hapa tulipoketi.

Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita katika nchi ya Ugogo. Kati ya Mpwapwa na Ugogo palikuwa na nyika kavu iliyoitwa Marenga Mkali, nayo iliogopwa na kila msafara kwa kukosa maji. Wapagazi, na wengi wao walikuwa Wanyamwezi, hawakuivuka kwa pupa. Walituama kwanza Mpwapwa, penye maji na chakula, wakapata nguvu. Tena walikuwa na mwendo maalumu wa mahali pakavu, ulioitwa tirikeza: waliondoka adhuhuri baada ya kupika na kunywa, wakaenda mpaka giza, wakalala pasipo maji, wakaamka mapema ili wayafikie maji mengine asubuhi.

Na mzigo ulikuwa na kipimo chake. Kwa desturi ulikuwa kama frasila mbili, yaani zaidi kidogo ya kilo 30, mbali na mkeka na chungu na silaha ya mpagazi mwenyewe. Mwenye msafara aliyetaka kuuzidisha alijikuta na mabishano kambini, au akaamka asubuhi aone mizigo ipo na watu hawapo. Hakuna aliyewaita watu hao wavivu. Walitembea kutoka pwani hata maziwa makuu na kurudi. Na waliweza kwa sababu walijua uzito wa mzigo, mahali pa maji, na siku ya kutua.

Hapa twaona mambo mawili. La kwanza, kituo hakikuwa anasa. Pasipo kituo bidhaa zisingefika. La pili, mpagazi mmoja hakuushindania mzigo wake peke yake. Desturi ilikuwa ya wote, kwa hiyo ilikuwa na nguvu. Wahenga husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Asiyeubeba hauoni uzito wake. Sharti aubebaye aseme.

4. SHERIA YASEMAJE

Wanachama wengi hawajui ya kwamba kipimo cha mzigo kimekwisha kuandikwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yaweka kazi ya kawaida isizidi saa 45 kwa juma wala saa 9 kwa siku. Kazi ya ziada haifanywi ila kwa makubaliano, wala isizidi saa 50 katika majuma manne. Mtu afanyaye kazi zaidi ya saa tano mfululizo apewe saa moja ya kupumzika. Kati ya siku na siku apate saa 12 za mapumziko, na kwa juma saa 24 zisizokatwa. Likizo ya mwaka isipungue siku 28. Likizo ya ugonjwa ni siku 126 katika miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na nusu ya pili kwa nusu mshahara, ikiwa pana cheti cha mganga. Ni kweli kwamba wakuu wanaowasimamia wengine wana masharti yao katika habari ya saa, na dharura ina njia yake. Lakini dharura ya kila siku si dharura tena. Ni upungufu wa watu, au upungufu wa mpango.

Kuna na jambo jingine mlijualo vema, nalo ni ile theluthi ya mshahara isiyoguswa na makato ya mikopo. Ilionekana ya kwamba mtu akiachwa akope mpaka senti ya mwisho, hataweza kula, na asiyekula hawezi kufanya kazi. Basi kama theluthi ya mshahara yalindwa, mbona theluthi ya siku hailindwi? Saa nane katika 24 ni theluthi kamili, nayo ni ya usingizi. Akopaye katika theluthi hiyo hulipa kwa riba kubwa kuliko ya benki yo yote, na dhamana yake ni moyo wake na mishipa yake.

5. MIPAKA MINNE

Tumeona tuitaje mipaka minne ambayo mtu wa kawaida aweza kuianza juma hili.

Mpaka wa kwanza ni saa ya kufunga. Saa za serikali ni kutoka saa 1:30 asubuhi hata saa 9:30 alasiri. Ziko siku ambazo bajeti au Bunge hutulazimisha kukaa zaidi. Siku hizo tukae pasipo kunung'unika. Siku nyingine tufunge. Kabla ya kuondoka andika katika karatasi kazi tatu za kesho, ukaiache mezani, ili kichwa kisizibebe kwenda nayo nyumbani. Simu ya kazi nayo ipewe saa ya kulala. Nchi ya Ufaransa iliiweka haki ya kujitenga na simu za kazi katika sheria zake tangu tarehe 1 Januari 2017. Sisi twaweza kuianza kwa adabu tu.

Mpaka wa pili ni namna ya kukataa. Kwetu sisi neno “Hapana” likiambiwa mkubwa laonekana ni ufidhuli, kwa hiyo wengi husema “Ndiyo, Mkuu,” kisha kazi hailetwi, au huletwa mbovu. Kuna njia ya katikati. Sema: “Mkuu, nimeipokea. Mbele yangu ziko mbili ulizoniagiza jana, nazo zamalizika Alhamisi. Naomba uniagize ipi itangulie.” Hapo hukukataa, wala hukuvunja heshima, umeuweka mzigo kwenye mizani mbele ya mwenye mzigo. Mkuu mwenye busara ataona. Na asiyeona, angalau ameambiwa.

Mpaka wa tatu ni nyumbani na katika jamaa. Tusidanganyane: mzigo wetu wote hautoki ofisini. Mtumishi wa serikali huonekana kijijini kama kisima kisichokauka. Michango ya harusi, ada za wapwa, matanga, kamati za kila namna. Na kwa kuwa mshahara hautoshi, huongezwa biashara ya usiku na shamba la Jumamosi. Kusaidia jamaa ni utu wetu, wala hatusemi tuuache. Twasema: panga mwanzoni mwa mwezi kiasi ukiwezacho, na kikiisha sema kwa upole, “Baba mdogo, mwezi huu kimekwisha; mwezi ujao tutazame.” Kisima kisichoachwa kijae hakimnyweshi mtu hata mmoja.

Mpaka wa nne ni likizo. Wako watu wanaojisifu ya kwamba hawajachukua likizo miaka mitatu. Sifa hiyo ni ya ajabu. Likizo na iandikwe katika ratiba tangu mwanzo wa mwaka, na kaimu ajulikane, naye afundishwe kazi kabla. Ofisi ambayo yasimama mtu mmoja akiondoka ni ofisi iliyo hatarini, maana mtu huyo aweza kuugua siku yo yote.

6. KWA ALIYEKWISHA KUCHAKAA

Mipaka huzuia, lakini yuko mwenzetu ambaye ajali imekwisha kumpata. Halali, au alala asishibe. Chakula hakina ladha. Akiona jalada tumbo lamkaza. Awafokea watoto kwa neno dogo. Kwake twasema: jambo la kwanza, mwambie mtu mmoja. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Jambo la pili, mwone mganga, maana dalili hizi zaweza kuwa za maradhi mengine, kama shinikizo la damu au sonona. Hapa twajua kizuizi ni nini. Katika mji wetu iko hospitali ya Mirembe, ihudumuyo tangu miaka ya 1920, na jina lake limefanywa mzaha: mtu akikasirika kidogo huambiwa apelekwe Mirembe. Mzaha huo umewafanya wengi wateseke kimya. Mtu akivunjika mguu haoni haya kwenda kufungwa. Basi asione haya mwenye akili iliyolemewa. Wala haimlazimu kuanzia huko. Mganga wa zahanati iliyo karibu aweza kumsikiliza na kumwelekeza.

Jambo la tatu, asidai kupona upesi. Mtazameni mkulima wa zabibu wa Hombolo au Mpunguzi. Akiisha kuvuna huupogoa mzabibu, akakata matawi mengi, na mgeni apitaye hudhani ameuharibu. Kisha huungoja. Baada ya muda huchipua, na nchi hii huvuna mara mbili kwa mwaka. Aliyechakaa naye na akate: kamati moja aiache, deni moja alimalize, safari moja ya kila juma aipunguze. Alale kwa saa maalumu. Atembee jioni jua likipoa, kuelekea vilima vya mawe vilivyo kando ya mji. Ale na watu, asile peke yake mbele ya simu. Arudie jambo moja alilolipenda kabla hajawa karani: kwaya, au mpira, au bao, au bustani. Mambo haya ni madogo, nayo hutenda kazi polepole kama mvua ya kwanza ya uwanda, isiyojaza mto siku ile ile.

7. WAJIBU WA CHAMA

Tumesema mtu mmoja haulindi mpaka. Karani kijana akifunga simu peke yake saa mbili za usiku, na wenzake wote wakijibu, ataonekana mkaidi, na kamba hukatikia pabovu. Lakini wote wakikubaliana, hakuna wa kuonekana. Ndiyo sababu watu huunda vyama. Mwaka 1922, huko Tanga, Martin Kayamba na wenzake walianzisha chama cha watumishi Waafrika wa serikali, katika siku ambazo karani Mwafrika hakuwa na mahali pengine pa kusemea neno lake. Kidole kimoja hakivunji chawa. Walilijua hilo, nasi tulijue.

Basi twaiomba Halmashauri mambo matatu. La kwanza, kila tawi lifikishe katika baraza la wafanyakazi la ofisi yake shauri la saa ya mwisho ya ujumbe wa kazi, na dharura ni nini hasa. La pili, matawi yatazame orodha za likizo kila robo mwaka na kuuliza kwa nini fulani hajaenda. La tatu, kila ofisi iwe na watu wawili wazima, mwanamume na mwanamke, ambao mwenzetu aliyelemewa aweza kuwaendea, nao wafunge midomo yao.

Na kwa wakuu wa kazi waliomo humu, maana nao ni wanachama, tena nao wachoka kuliko wasemavyo, twaomba kwa heshima: ukikumbuka jambo usiku, liandike, ulitume asubuhi. Sentensi uliyoiandika kwa dakika moja yaweza kumkosesha mtu usingizi wa saa nne.

Mwaka 2015 tulisikia wito wa Hapa Kazi Tu, na tangu mwaka 2021 twasikia Kazi Iendelee. Tunazipokea zote mbili. Lakini kazi haiendi yenyewe. Huendeshwa na watu, na watu wasipodumu nayo haidumu. Nchi hii kavu ilivukwa na waliojua pa kutua. Na sisi tutue kwa zamu, tunywe maji, tuangaliane mizigo, kisha tuendelee.